Usikimbilie lenzi ya 100

Nilikuwa wiki ya pili ya fildi, kwenye maabara ya hospitali moja ya wilaya, siku nilipompa mtoto wa watu malaria ambayo hakuwa nayo. Nilimpa kwa kalamu tu, kwenye kipande cha karatasi, lakini karatasi ile ilikuwa inasubiriwa dirishani na mama yake aliyembeba mgongoni. Nilikuwa nimeona vinukta vya zambarau iliyokolea vimetapakaa kwenye tone la damu, nikahesabu harakaharaka, nikaandika "vimelea vimeonekana". Ashukuriwe Mungu, majibu ya mwanafunzi hayatoki mpaka mkubwa wa zamu aitazame slaidi mwenyewe. Yule mama wa maabara akaketi, akatazama sekunde kumi hivi, akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Malaria yako iko wapi?"

Nikamwonesha. Akanishika mkono, akauweka kwenye kile kirungu kidogo cha kurekebishia. "Zungusha. Taratibu."

Nikazungusha. Seli nyeupe za damu zikafifia, na vinukta vyangu ndipo vikakolea. Nikarudisha nyuma, seli zikakaa vizuri, vinukta vikafifia.

"Umeona? Haviko pamoja. Damu iko chini, vyenyewe vimekaa juu yake. Hiyo ni rangi iliyoganda, mwanangu. Kimelea hakipandi juu ya damu, kinakaa ndani yake. Halafu kimelea kina rangi mbili, kiini chekundu na mwili wa bluu. Hivi vyako vyote ni rangi moja."

Yule mtoto alikuwa na homa ya kitu kingine. Angepewa dawa ya malaria akarudishwa nyumbani, hicho kitu kingine kingeendelea kumla. Na mimi, jamani, mtihani wa hadubini nilikuwa nimepata A. Mchoro nilichora, majina ya sehemu zote nikaandika, kila kirungu nilikijua kinaitwaje. Kumbe nilijua majina, sikujua chombo kinaonaje.

Ndiyo sababu ya makala hii. Nimeiandika kwa wenzangu wa sayansi, lakini hata wewe wa sheria au wa uhasibu usiifunge, maana kuna siku utakuwa upande wa pili wa dirisha lile ukisubiri karatasi.

Tuanze na hadubini ya kawaida, ile mliyogombania watu sita kidato cha tatu huku nyingine ikiwa imefungiwa kabatini isiharibike. Lenzi yake ya chini, inayoelekea slaidi, inapokea mwanga uliopita kwenye sampuli na kujenga picha kubwa ndani ya bomba. Picha hiyo haiko kwenye karatasi wala kwenye kioo, imesimama hewani humo bombani. Lenzi ya juu, unapoweka jicho, ni kioo cha kukuzia tu: inaichukua picha ile na kuikuza tena. Ndiyo maana tunazidisha. Lenzi ya juu ya 10 na ya chini ya 100 zinakupa mara 1000. Wengi tunaishia hapa, na mtihani pia unaishia hapa.

Sasa chukua picha uliyotumiwa WhatsApp, ile ya bango la ratiba ya mitihani iliyopigwa kutoka nyuma ya umati. Ivute kwa vidole viwili ukubwa unaoutaka. Herufi zinakuwa kubwa, lakini je, zinasomeka? Umekuza ukungu. Kukuza ni jambo moja, kutenganisha ni jambo lingine. Ukisimama usiku kando ya barabara kuu, gari likiwa mbali unaona taa moja, hujui kama ni bodaboda au lori. Linaposogea, taa inagawanyika na kuwa mbili. Uwezo huo wa kuona kwamba hapa kuna vitu viwili, ndio hasa tunaoununua tunaponunua hadubini. Jicho lako, bila msaada, linatenganisha vitu vilivyoachana kama milimita 0.1. Vikikaribiana zaidi ya hapo unaona kimoja.

Kwa nini tusitengeneze lenzi bora na bora zaidi mpaka tuone kila kitu? Jibu alilitoa Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, mwaka 1873, na halikuwa jibu la kufurahisha. Mwanga ni mawimbi. Nenda pwani ukatazame mawimbi yakipita kwenye kijiti kilichochomekwa majini: yanapita kana kwamba kijiti hakipo. Yakikuta jahazi, nyuma ya jahazi maji yanatulia, na mtu aliye ng'ambo anaweza kujua kwamba kuna kitu kimezuia. Wimbi haliwezi kuleta habari za kitu kilicho kidogo sana kuliko lenyewe. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi, yaani sehemu ndogo kuliko moja ya elfu ya milimita. Kwa hesabu za Abbe, umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara mbili ya namba fulani ya lenzi.

Namba hiyo unayo mbele yako kila siku. Angalia ubavuni mwa lenzi ya chini utaona pameandikwa 10/0.25, au 40/0.65, au 100/1.25. Namba ya kwanza tunaikariri, ya pili tunaipuuza, wakati ya pili ndiyo mwenye nyumba. Inaeleza lenzi inakusanya mwanga uliotawanyika kwa pembe pana kiasi gani. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa lenzi ya 10, 550 gawanya kwa 0.5 unapata nanomita 1100. Kwa lenzi ya 100 unapata 220. Kimelea kichanga cha malaria, kile chenye umbo la pete, kina upana wa nanomita 1000 hadi 2000 hivi. Kwenye lenzi ya 10 kitakuwa doa tu, hata ukikuze vipi. Kwenye lenzi ya 100 unaona pete na kidoti chake.

Na mafuta je? Mwaka wa kwanza nilidhani mafuta ni ya kulainisha, kama ya cherehani. Mwanga ukitoka kwenye kioo cha slaidi kuingia hewani unapinda kwenda nje, na ule wa pembeni kabisa unapotea, lenzi haiupati. Ukijaza ile nafasi kwa mafuta yanayopindisha mwanga sawasawa na kioo, mwanga unapita moja kwa moja kana kwamba hakuna mpaka. Bila mafuta namba ile ya pili haiwezi kuvuka 1 hata lenzi iwe ya dhahabu. Kwa hiyo ukitumia lenzi ya 100 bila mafuta umelipia 1000 ukapata ukungu. (Na ukiona mtandaoni wanauza kihadubini cha plastiki "mara 2000", sasa unajua cha kuuliza.)

Lakini lenzi ya 100 nayo inakudai. Kwa hadubini zetu nyingi lenzi ya 10 inakuonesha duara lenye kipenyo cha milimita 1.8 hivi, ya 100 inakuonesha milimita 0.18. Eneo limepungua mara mia moja. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa milimita 0.11 hadi 0.17, kwa hiyo ukilitafuta kwa lenzi ya 100 ni kama kumtafuta tembo kwa kuchungulia tundu la ufunguo: ukibahatika utaona ngozi. Kichocho kinatafutwa kwa lenzi ndogo, unapita slaidi nzima, basi. Kwa malaria huna ujanja, lazima mafuta, na gharama yake ndiyo ile inayotuchosha maabara: kila eneo unalotazama kwenye tone nene hukadiriwa kuwa na sehemu moja ya 500 ya mikrolita ya damu. Unatakiwa upitie maeneo 100 kabla ya kuandika kwamba hukuona kimelea. Hapo umechunguza sehemu moja ya tano ya mikrolita. Anayepitia maeneo 20 kwa sababu foleni ni ndefu na saa ya chai imefika, ameandika jibu la damu ambayo hakuitazama.

Tatizo la pili la mwanga linahusu vitu vyenyewe. Seli nyingi ni kama maji. Mwanga unapita bila kuzuiwa wala kubadilika rangi, na wewe unatazama bakuli jeupe. Ndipo watu wakaanza kupaka rangi. Rangi tunayotumia kwa malaria imebeba jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Kijerumani aliyeitangaza mwaka 1904. Kabla ya hapo, kati ya 1895 na 1898, alikuwa mfamasia huku kwetu, enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rangi yake inashika kiini kwa wekundu na mwili wa kimelea kwa bluu, na hizo rangi mbili ndizo yule mama alizokuwa ananiuliza. Gharama ya rangi ni kwamba kwa kawaida unaua ulichotaka kukitazama, na rangi mbovu au iliyolala inaganda na kukuletea vimelea vya uongo. Mimi ni shahidi.

Inashangaza kidogo kwamba mtu wa kwanza kukiona kimelea cha malaria hakutumia rangi. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikuwa Constantine, Algeria, mwaka 1880, akitazama damu mbichi. Alichokiona kilikuwa kinatikisika, kina mikia inayochapachapa, na mtikisiko ule ndio uliomwambia kwamba hiki ni kiumbe, si uchafu. Angepaka rangi, mtikisiko usingekuwepo.

Kuna namna ya kuona seli hai bila kuipaka. Frits Zernike, Mholanzi, aligundua kwamba mwanga unaopita ndani ya seli haupungui, lakini unachelewa kidogo, kama mtu aliyepita njia ya matope wakati mwenzake amepita lami. Jicho haliwezi kuona kuchelewa. Zernike akaweka pete maalumu kwenye njia ya mwanga, inayoufanya ule uliochelewa na ule usiochelewa ukutane na kupunguzana nguvu, na hapo kuchelewa kukageuka giza. Mwaka 1932 aliwapelekea watengenezaji wa hadubini Ujerumani, wao hawakuvutiwa. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Gharama yake ni ule mwangaza unaozunguka kila kitu kama taji, unaoweza kukudanganya kuhusu ukingo wa seli uko wapi hasa.

Njia nyingine ni kukifanya kitu chenyewe kiwake. Bakteria wa kifua kikuu anaweza kupakwa rangi ya auramini, halafu ukammulika kwa mwanga wa bluu. Rangi inanyonya bluu na kutoa manjano ya kijani, na kichujio kinazuia bluu yote isifike jichoni. Unachobaki nacho ni giza na vijiti vinavyong'aa. Fikiria usiku umeme ukikatika mtaa mzima: nyota ambazo hukuwahi kuziona zinajitokeza, wala hazikuongezeka ukubwa. Kwa sababu hiyo huhitaji lenzi ya 100, unatumia ya 20 au 40, unaona eneo kubwa kwa mara moja na slaidi inakwisha mapema. Zamani hadubini hizi zilikuwa na taa za zebaki, ghali, zenye joto, zinazokufa haraka. Taa za LED zimebadilisha mambo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hadubini hizo za LED kwa uchunguzi wa kifua kikuu. Gharama? Rangi inachuja kadiri unavyoimulika, kwa hiyo slaidi ya jana si shahidi mzuri wa leo. Na takataka nazo zinajua kung'aa.

Kwa mtindo huuhuu wa kung'aa, watu watatu waliupita mpaka wa Abbe bila kuuvunja. Tuseme ukumbi mkubwa wa mihadhara umejaa, umeme hakuna, kila mtu kawasha tochi ya simu. Ukiwa juu ya kilima unaona ukumbi umewaka, basi. Lakini wakikubaliana wawashe wachache wachache kwa zamu, kila tochi unaweza kuiwekea alama katikati yake. Baada ya zamu za kutosha una ramani ya viti vyote. Eric Betzig na William Moerner walijenga msingi wa njia hiyo kwa molekuli. Stefan Hell alitumia miale miwili ya leza: wa kwanza unawasha doa, wa pili una umbo la donati na unazima pembeni, kinabaki kitundu cha katikati tu ndicho kinachong'aa. Walishirikiana Nobel ya kemia ya 2014. Mashine hizi zinatenganisha makumi ya nanomita. Bei zake naomba tusiziongelee kabla boom halijatoka.

Virusi, hata hivyo, vilishaonekana miaka mingi kabla yao, kwa njia tofauti kabisa: ukiona wimbi ni refu mno, tafuta wimbi fupi zaidi. Mwaka 1924 Louis de Broglie alidai kwamba hata chembe kama elektroni husafiri na wimbi lake. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 ina wimbi la nanomita 0.0037, fupi kama mara 150,000 kuliko la mwanga wa kijani. Tatizo, elektroni haipindishwi na kioo. Inapindishwa na sumaku. Ernst Ruska na Max Knoll wakiwa Berlin mwaka 1931 walitumia mizunguko ya waya wa umeme badala ya lenzi, na hadubini ya elektroni ikazaliwa. Ruska alisubiri Nobel yake miaka 55. Lenzi za sumaku si nzuri kama za kioo, kwa hiyo faida yote ya wimbi lile fupi haipatikani, ila mashine nzuri za leo zinafika karibu nanomita 0.1, yaani upana wa atomi.

Orodha ya madai yake ni ndefu. Elektroni hugongana na hewa, kwa hiyo ndani lazima kuwe ombwe. Ndani ya ombwe maji huchemka na kutoweka, kwa hiyo sampuli lazima ikaushwe, au igandishwe ghafla kiasi kwamba maji yanakosa muda wa kutengeneza barafu (njia hii ya kugandisha ilileta Nobel ya 2017). Elektroni haipenyi kitu kinene, kwa hiyo sampuli inakatwa vipande vyembamba vya nanomita 70 hivi, halafu inalowekwa kwenye metali nzito kama risasi ili ipate giza na mwanga. Fikiria sasa unachokitazama: kipande kimoja chembamba mno cha kitu kilichokufa. Ulichokuwa unakitafuta kama hakikupita kwenye kipande hicho, hukioni.

Hili lilimkuta mtu, na kisa chake kinaanzia jirani hapa, Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Hospitali ya Mulago akiona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na ukumbini alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa na hadubini ya elektroni na wazo kichwani kwamba uvimbe huu huenda unaletwa na kirusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Epstein akakata, akapaka, akatazama. Miaka kama miwili, hakuna kitu. Alikuwa na hadubini kali kuliko zote za wakati ule na haikumwonesha chochote.

Desemba 1963 ndege yenye sampuli ilikuta ukungu London ikageuzwa kwenda Manchester. Kichupa kikafika kimechelewa, na maji yake yamechafuka. Kwa kawaida hiyo ni dalili ya bakteria, unamwaga unanawa mikono. Epstein kabla ya kumwaga akachukua tone la yale maji, bila rangi, bila kukata, akaliweka chini ya hadubini ya kawaida ya mwanga. Hakukuta bakteria. Alikuta seli za uvimbe, nzima, hai, zikielea zenyewe baada ya kutikiswa safari nzima. Hapo akapata wazo la kuzikuza zikiwa zinaelea, jambo ambalo halikuwa limefanikiwa kwa aina ile ya seli. Yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakazikuza, na Februari 1964, alipozikata hizo zilizokuzwa na kuziweka kwenye hadubini ya elektroni, kirusi kikawa kimekaa pale. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kufahamika kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya lile tone. Kirusi chenyewe hakingeonekana kamwe kwa hadubini ya mwanga, ni kidogo kuliko nanomita 220 zetu. Ila kwamba seli ziko hai, hilo hadubini ya elektroni isingelisema, maana kwake kila kitu kimekufa. Kila moja ilijibu swali lake.

Zile picha za kutisha za kichwa cha mbu au inzi, zenye kila unywele, zinatoka kwa ndugu yake, hadubini ya elektroni ya kuskani. Hii haipitishi elektroni kwenye sampuli. Mwale mwembamba unapita juu ya uso wake mstari kwa mstari, kama jicho linavyosoma ukurasa, na kila unapogusa unang'oa elektroni nyingine zinazohesabiwa pembeni. Zikitoka nyingi, nukta ile inachorwa nyeupe. Zikitoka chache, nyeusi. Mdudu lazima apakwe utando wa dhahabu au metali nyingine ili umeme usijirundike juu yake. Na rangi, mbu yule wa zambarau na kijani uliyemweka kwenye posta ya semina? Kapakwa kwenye kompyuta. Elektroni haina rangi.

Halafu kuna hadubini ambazo hazitazami kabisa, zinapapasa. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, wakiwa Zurich, walisogeza ncha kali mno karibu na uso wa metali bila kuigusa. Umeme mdogo ukaruka katikati yake, na umeme huo unapungua kama mara kumi kila ncha ikipanda nanomita 0.1. Ukiipitisha ncha juu ya uso na kuandika umeme unavyobadilika, unapata vilima na mabonde ya atomi mojamoja. Lakini inataka kitu kinachopitisha umeme. Mwaka 1986 ikaja dada yake, yenye ncha kwenye kijikono chembamba kinachopanda na kushuka, ambacho siku hizi mgongo wake humulikwa kwa leza kuonesha kimepanda kiasi gani. Hii inapapasa chochote, hata seli hai ndani ya maji, kama kidole kinachosoma nukta nundu. Inachodai ni muda na eneo dogo sana. Pia ncha ikichakaa, picha yote inachukua umbo la ncha.

Nimalizie Pemba. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti ambao watafiti walibandika lenzi ya duara, gololi ndogo ya kioo ya milimita 3, kwenye kamera ya simu kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, wakaangalia slaidi karibu 200 za choo za watoto wa shule kutafuta mayai ya minyoo. Gololi moja ya kioo ndiyo hadubini ya Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye miaka ya 1670 alitumia lenzi moja ndogo iliyobanwa kwenye bati na akaona bakteria kabla ya mtu mwingine yeyote. Imezunguka karne tatu na nusu ikaja kubandikwa kwenye simu.

Matokeo yalikuwa hivi: simu iliona mayai ya mchango, yale makubwa yenye ganda nene, kwa takriban wanne kati ya kila watano waliokuwa nayo. Minyoo mjeledi, nusu tu. Safura ikaikosa karibu yote, mmoja kati ya saba ndiye aliyeonekana. Yai la safura lina ganda jembamba linalopitisha mwanga, na gololi ya kioo huonesha vizuri katikati tu, pembeni ukungu. Mtoto mwenye safura anapoteza damu kila siku tumboni mwake. Kwa simu ile angeambiwa yuko salama.

Yule mama wa maabara nilimsimulia habari za Pemba siku ya mwisho ya fildi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta lenzi. "Sasa si wajue tu kwamba haioni safura," akasema, "wasiiandikie hapana." Akanikabidhi karatasi ya lenzi na kunionesha kiti. Kulikuwa na slaidi kumi na nne zinanisubiri, na mafuta yaliyobaki kwenye lenzi ya 100 nilikuwa nimeyaacha mimi.